Namba ya Ugonjwa wa Mama Marceline

Félicien Lifoka alikuwa mwuguzi wa zahanati ya Lubunga, upande wa kushoto wa mto, katika miaka ile ambayo Wabelgiji bado waliuita mji wa Kisangani Stanleyville. Alikuwa mtu mrefu, msemaji kidogo, na watu walimwita monganga ingawa hakuwa daktari. Daktari mwenyewe, Mbelgiji, alikaa ng'ambo ya pili na alivuka mara moja kwa juma. Siku nyingine zote Lubunga ilikuwa mikononi mwa Félicien na mwa Berthe, mama wa makamo aliyezalisha na kuwaangalia wagonjwa wa kike.

Mkewe alikuwa Clothilde, binti wa Mama Marceline. Na Mama Marceline, mtu asiyemjua Lubunga nzima alikuwa mgeni wa jana. Alikuwa Mugenia, mtoto wa wavuvi wa maporomoko, akaolewa na mtu wa reli, akabaki mjane angali na nguvu zake. Aliuza chikwanga, mikate ya muhogo iliyofungwa majanini, na samaki wa moshi pale stesheni, linapoanzia garimoshi la Ubundu, na wasafiri walisikia sauti yake kabla hawajauona uso wake.

Baina ya mama huyu na mkwewe ilisimama heshima kama ukuta. Kwa desturi yao, mtu na mama wa mkewe ni bokilo. Hamtazami usoni, hali naye, hapokei kitu mkononi mwake wala yeye hapokei mkononi mwa mkwe, na habari za mwili wake hazisikii kabisa. Wakikutana njiani, mwanamume huacha njia. Félicien alikuwa ameacha njia nyingi. Safari moja aliingia kwenye tope mpaka magotini ili mama apite, na mama akapita amejifunika uso kwa liputa yake, akicheka ndani ya kitambaa. Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa mbali. Samaki aliyenona kupita wote hakuuzwa stesheni, Clothilde alirudi naye nyumbani akisema, "Eti amebaki tu."

Mwaka ule mvua za mwezi wa kumi zilikuja kwa hasira. Mto ukapanda, mashimo ya vyoo katika kambi ya reli yakajaa maji, na watoto wa kambi wakaanza kuletwa zahanati wameshika matumbo.

Kila mgonjwa aliandikiwa fishi, ile kadi yake, na mbele ya jina la ugonjwa ilitakiwa namba. Namba hizo zilikuwa za dunia nzima. Daktari aliwahi kumweleza Félicien kwamba ugonjwa mmoja unapaswa kubeba namba moja, uwe umemshika mtu wa Lubunga au wa Ulaya. Kwa upande wa matumbo, tatu ndizo zilizomshughulisha kila siku. 571 ilikuwa tumbo la kuhara, utumbo umevimba na kuwaka lakini kilichouwasha hakijajulikana. Mgonjwa alipewa mkaa wa dawa akaenda zake. 046 ilikuwa kuhara damu kwa amiba. Huyo alidungwa sindano, naye akarudi kwake. 045 ilikuwa kuhara damu kwa bakteria, ule unaoruka kutoka mkono hadi mkono kama moto wa majani makavu. Mgonjwa wa 045 hakurudi nyumbani. Alivushwa mto akalazwa lazareti, nyumba ya kuwatenga wagonjwa wa kuambukiza, mbali na watu wake, na nyumba yake ikakatazwa kuuza chochote cha kuliwa.

Watu waliiogopa lazareti kuliko kaburi, kwa sababu kaburini angalau unasindikizwa.

Kwa hiyo walificha. Mama alimleta mwanawe akasema ni minyoo. Baba alisema mtoto amekula maembe mabichi. Félicien alipoomba choo cha kutazama kwenye hadubini, walileta cha jana, kimekauka, au hawakuleta kabisa. Bila kuona, hakuweza kuandika 045; aliandika 571, tena 571, na moyo ukimwambia kuwa anaandika nusu ya neno.

Alipomwomba daktari dawa ya kusafisha maji, na watu wa kuchimba vyoo vipya kambini, daktari alizipekua zile fishi akatikisa kichwa.

"Hizi ni kuhara za mvua, Félicien. Kwa 571 siwezi kumwamsha mtu yeyote ofisini. Nipe 045 yenye uhakika, na uniambie imetoka wapi. Nitapiga kelele siku hiyo hiyo."

Juma lililofuata, René, mtoto wa fundi mmoja wa kambini, alifia mgongoni mwa mama yake njiani kuja zahanati. Mama hakujua. Aliingia, akasimama kwenye mstari, akawa anambembeleza, mpaka Berthe alipomfungua ile nguo mgongoni. Félicien alizisikia kelele za mama yule siku nzima, hata baada ya kuchukuliwa kwao. Na choo cha kutazama hakikuwapo. Aliandika alichoweza kuandika.

Ilikuwa siku chache tu baada ya hapo, asubuhi, garimoshi la Ubundu likiwa bado linapakia mizigo, Clothilde alipoingia zahanati mbio, mtoto wao Élise akining'inia kifuani. Hakusalimu mtu.

"Papa Élise, toka kidogo."

Félicien akatoka naye mpaka nyuma ya nyumba.

"Mama iko mugonjwa," Clothilde alisema.

"Tangu lini?"

"Siku ya soko. Alinikataza nisikuambie. Célestin pia alinikataza." Célestin alikuwa kaka yake, mtu wa reli kama baba yao.

"Anahara?"

Clothilde akainamisha kichwa. Hata sasa ulimi ulimwia mzito kumwambia mume habari hiyo ya mama yake. "Damu," akasema.

"Mulete."

"Hatakubali. Wewe ni bokilo yake. Atakufa na haya yake kuliko kukaa mbele yako."

"Mwambie sitamuona. Berthe ndiye atamupokea. Mimi nitasimama hapa nje. Lakini mulete sasa, mama Élise. Usingoje."

Walimleta kwa kitanda cha mianzi, Célestin mbele na jirani mmoja nyuma, Mama Marceline amefunikwa kutoka kichwani mpaka miguuni kama maiti. Félicien aliona mguu mmoja tu umetoka kwenye liputa, umekonda, kisigino kimepauka kama majivu. Akageuka upande wa mto. Akasikia Berthe akivuta pazia. Akasikia mtu akiugua, pole pole, kama anayejikataza.

Kisha Berthe akatoka na kibakuli kimefunikwa kwa jani.

"Iko moto bado," alisema. "Fanya mbio."

Félicien alijua kwa nini Berthe anasema hivyo. Amiba huonekana ikitembea wakati choo kingali na joto la mwili tu. Kikipoa, hulala, na mtazamaji hubaki kubahatisha. Kumpelekea mwingine ng'ambo haikuwezekana. Kama kingetazamwa na mtu, mtu huyo ni Félicien, na wakati ni huo huo.

Alikuwa ametazama vyoo vya watu wengi, vya makarani na vya wapagazi, bila kufikiri mara mbili. Mbele ya kibakuli kile alisita. Ilikuwa kana kwamba anaingia chumba alichokatazwa tangu siku ya harusi yake. Alimwomba mama radhi kimoyomoyo, akafunua jani, akachukua tone kwa kijiti, akaliweka kwenye kioo, akainama juu ya hadubini.

Hakukuwa na amiba. Alisogeza kioo huku na huku, akatafuta kwa subira ile aliyofundishwa, na kila mahali alikuta vilevile. Usaha, chembe za damu, usaha tena, umejaa kama umati sokoni. Utumbo wa mama ulikuwa umechubuka wote. Kwa macho yake, baada ya watoto wote wale, hakuwa na shaka tena.

Aliponyanyua kichwa, Célestin alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya reli mkononi.

"Bon," Célestin alisema. "Umeona nini?"

"Ni ile ya kuambukiza."

Célestin akaingia akafunga mlango. "Andika amiba."

"Si amiba."

"Najua si amiba, umesema sasa hivi. Mi nasema uandike. Mutu wa amiba anapigwa sindano, anarudi kwake. Usidhani hatujui. Batu bote ba kambi banajua."

"Sindano ya amiba ni sumu, Célestin. Kwa mutu mwenye umri wa mama, moyo unaweza kusimama."

"Alors, usipige sindano! Muandikie amiba, ao tumbo tu, halafu mupatie dawa yake ya kweli ndani ya nyumba. Clothilde atamumezesha. Nani atajua?"

Maneno hayo ndiyo Félicien aliyokuwa akijiambia mwenyewe tangu alipoinua jicho kwenye kioo. Vidonge vya sulfa vilikuwamo kabatini. Mama angekunywa dawa sahihi, kwenye kitanda chake, mkononi mwa binti yake. Fishi ingesema 571, na daktari angetia saini bila kusoma, kama kawaida yake. Hakuna ambaye angelia. Nani angeumia?

"Maji ya kuloweka muhogo wa chikwanga," Félicien aliuliza, "mama anachota wapi?"

"Kisima cha kambi. Kwani kingine kiko wapi?"

"Na leo nani iko anauza mahali pake?"

Célestin akaizungusha kofia. "Bibi yangu," akasema, yaani mkewe.

"Chikwanga gani?"

Célestin akatazama upande wa stesheni.

"Célestin, chikwanga gani?"

"Ile ya juzi. Ile mama alifunga mwenyewe kabla hajaanguka. Ulitaka tuitupe?"

Kutoka stesheni garimoshi likapiga filimbi ya kwanza, ile ya kuwaita wasafiri. Félicien aliwaona kama walio mbele yake, wale watu wanaonunua chakula cha njia dirishani, wakimega kwa mikono, wakiwalisha watoto, na huko mbele, kila kituo mpaka Ubundu, akishuka mmoja mmoja na tumbo lake. Na hapa kambini kisima kikibaki wazi, na daktari akisema kuhara za mvua. Akaketi. Akaivuta fishi. Akaandika jina, Marceline, muuzaji wa chakula stesheni; akaandika kuhara damu kwa bakteria, ilivyoonekana kwenye hadubini; akaandika kisima cha kambi ya reli. Kisha akaandika 045, kwa wino, na kalamu ikakwaruza karatasi.

Célestin alikuwa hajui kusoma sana, lakini namba aliijua.

"Umemuuza mama yetu," akasema kwa sauti ya chini. "Kuanzia leo, mimi na wewe hatuna tena ubokilo."

"Nenda stesheni ukamukataze bibi yako kwanza, ndiyo unitukane."

"Nenda wewe!"

Akatoka, na mlango ukabaki ukigongagonga. Félicien alitoka nyuma yake akamkuta Clothilde amesimama chini ya paa, amesikia yote. Hakuwa na muda wa kumtuliza.

"Mama Élise, kimbia stesheni. Usiache mutu anunue."

Clothilde alimtazama mumewe jicho ambalo Félicien hakuwahi kuliona tangu wajuane. Kisha akamwachia Berthe mtoto, akajifunga liputa vizuri, akakimbia. Waliokuwapo walisimulia baadaye kwamba alifika wakati wasafiri wamelizunguka kapu, kwamba hakusema hata neno, alilinyanyua tu kapu la mama yake na kulimwaga lote kwenye dimbwi kando ya reli, akakanyaga chikwanga kwa miguu yake. Wifi yake alimpiga kofi mbele za watu. Wanawake wa soko walipiga yowe. Alisimama kwenye tope, analia, akirudia, "Musinunue, mama iko mugonjwa, musinunue," mpaka garimoshi likaondoka. Vipande viwili vitatu vilikuwa vimekwisha kuuzwa. Vilikwenda na wenyewe.

Ikabaki kumvusha mama. Watu wa kivuko, waliposikia ni lazareti, walisema wazi hawambebi. Célestin hakurudi. Clothilde alikuwa na mtoto anyonyaye, na mwenye kunyonyesha hakuruhusiwa kuingia lazareti. Ndugu wengine wa kike, kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake wa ghafula. Mwishowe Félicien alimwandikia daktari kipande cha karatasi: anamleta mgonjwa mwenyewe, atakaa amtunze, Berthe anaweza kuishika zahanati kwa siku hizo. Hakungoja jibu.

Aliyekubali kuwavusha ni Daudi, mwenye mtumbwi, mmoja wa Waislamu wa familia zilizokaa mjini tangu enzi za Waarabu. Hakukubali kwa upole. Alijifunga kitambaa puani akasema, "Ingieni kabla sijabadili nia. Na asiniguse mutu."

Mtumbwi ulikuwa mwembamba na mto umefura, maji yana rangi ya chai, yanabeba magogo na visiwa vya majani. Mama Marceline alilazwa katikati. Félicien alikaa mbele, amempa mgongo, anautazama mji wa ng'ambo usiokaribia. Walikuwa kwenye mkondo wenyewe, Daudi anapigana na kasia, Félicien aliposikia nyuma yake sauti ndogo, sauti ambayo kwa miaka yote ya ndoa yake haikuwahi kumwelekea yeye.

"Mungu wangu. Inakuja tena."

Alielewa. Katikati ya mto, mbele ya mkwe na mbele ya mwanamume wa nje, hakuna kichaka, hakuna pazia. Alivua koti lake jeupe la kazi, akapiga magoti bila kugeuka, akalishika koti kwa mikono miwili nyuma ya mgongo wake, limetandazwa kama ukuta, na mtumbwi ukayumba.

"Tulia wewe!" Daudi akafoka. "Unataka tuzame?"

"Tazama mbele, papa Daudi. Piga kasia tu, tazama mbele."

Mikono ilimuuma, koti likapigapiga kwa upepo, na nyuma yake mama alikuwa analia kwa aibu, si kwa maumivu. Félicien akaanza kuimba, wimbo wa kanisani wowote uliomjia, kwa sauti kubwa mbaya, ili asisikie. Baadaye kidogo Daudi naye, ambaye si wa kanisa, akaanza kuhesabu makasia kwa sauti. Walifika ng'ambo hivyo, wakipiga kelele kama walevi.

Lazareti ilikuwa nyumba ndefu ya matofali nyuma ya miti, ina vitanda vichache na mlinzi mmoja wa kiume aliyeweka chakula dirishani na kukimbia. Ndani walimkuta msichana wa mtaa wa Kabondo aitwaye Binti, ambaye kuhara kwake kulikuwa kunaisha. Huyo ndiye aliyewaokoa mwanzoni. Félicien alichemsha maji, akayatia chumvi na sukari kidogo, akakoroga uji mwepesi wa mchele, akaviweka kizingitini pamoja na vidonge, naye Binti alivichukua akamnywesha mama. Félicien alikaa nje chini ya dirisha. Binti alimwambia kila kitu kwa sauti ya chini: amekunywa, ametapika, ameenda tena, damu bado. Félicien aliandika yote kwenye fishi.

Kisha daktari alikuja, akamtazama Binti, akamwambia amepona, aende kwao. Msichana aliruka kwa furaha, halafu akamwangalia Félicien na furaha ikakatika.

"Nani atamunywesha mama?"

"Nenda, mwanangu. Kwenu wanakungoja."

Alipoondoka, ilikuwa asubuhi ya jua kali baada ya mvua, na mama alikuwa katika hali mbaya kuliko siku zote. Dawa ilikuwa imeanza kufanya kazi, damu imepungua, lakini maji yalikuwa yamemtoka mwilini kupita yaliyoingia. Félicien aliweka kikombe kando ya kitanda akatoka. Alisikia kikombe kikianguka. Akakijaza tena, akakiweka karibu zaidi, akatoka. Kikaanguka tena. Mikono ya mama haikuweza tena kubeba kikombe.

Akasimama mlangoni, macho chini. "Mama, nisamehe. Nitakunywesha mimi."

Mama akageuzia uso ukutani.

"Mama, ukikaa bila maji mpaka jioni, utakufa. Minasema kama monganga, si kama bokilo."

"Toka," mama akanong'ona.

Hakutoka. Alibaki pale. Akafikiri kwamba ameandika ile namba, amemvusha mto, amemtenga na wanawe, na sasa atamzika kwa sababu ya upana wa chumba kimoja. Akafikiri namna atakavyomwambia Clothilde. Jua likasogea sakafuni.

"Félicien."

Alishtuka. Hajawahi kuitwa jina lake na mama huyu. "Ndiyo, mama."

"Geuza uso."

Akageuka akautazama mlango.

"Sasa kuja. Kinyume-nyume. Leta mukono nyuma."

Akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mashavu ya miguu yake yakagusa kitanda. Akachuchumaa, uso ungali mlangoni, akapeleka kikombe nyuma ya bega. Akahisi vidole vikavu vikimshika kifundo cha mkono, vinakielekeza. Maji yakamwagika. Akajaza, wakajaribu tena. Akasikia funda moja likishuka, na funda jingine. Wakaendelea hivyo, yeye anatazama mti wa nje na mama anaongoza mkono, mpaka mgongo ukamkaza, mkono ukateleza, na kikombe kizima kikamwagika.

Akasikia kitu nyuma yake, akadhani mama anakata roho. Alikuwa anacheka. Kicheko kisicho na nguvu, kama mtu anayekohoa.

"Umenimwagia ndani ya sikio," Mama Marceline alisema. "Bon. Geuka, mutoto wangu. Tumbo langu umekwisha kuliona lote na ile kioo yako. Uso nauficha nini?"

Félicien akageuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama mama wa mkewe usoni, na kumbe Clothilde alikuwa amechukua macho yake. Macho hayo yalikuwa yamedidimia sana. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwinua kichwa, akamnywesha kikombe, na kingine, na cha tatu, mpaka akalala.

Mama alipona, ingawa ilichukua muda mrefu na hakurudisha tena mwili wake wa zamani. Daktari alitimiza neno lake: kwa fishi ile, na nyingine mbili za kambini zilizofuata baada ya watu kuona kwamba mtu hutoka lazareti akiwa hai, kisima kilifungwa, maji yakatiwa dawa, vyoo vikachimbwa juu penye mwinuko. Lakini kabla ya hapo mtoto mwingine wa kambi alikufa. Na waliokula chikwanga ile garini, hakuna aliyepata kujua yaliyowapata.

Nyumbani mambo hayakuwa rahisi. Clothilde alikaa muda mrefu bila mtu wa kusimama naye kivukoni. Wanawake wa soko walihama walipomwona, kwa kuwa baada ya siku ile wauzaji wote wa stesheni walikaguliwa na wengine wakafukuzwa. Célestin aliomba kuhamishwa Ubundu, akaondoka bila kuaga. Alimpelekea mama yake salamu na samaki kwa watu wa garimoshi, kila mara, na hakuwahi kutaja jina la Félicien.

Wazee wa upande wa maporomoko walikuja kuuliza kama ni kweli mkwe amemtazama mama mkwe uchi wa ugonjwa, na walitaka mbuzi wa kufuta aibu. Mama Marceline aliwapokea ameketi.

"Mbuzi?" alisema. "Mukamudai yule mududu. Yeye ndiye alinivua nguo. Huyu alinishikia koti."

Wakarudi bila mbuzi, wakinung'unika.

Siku moja, mvua za mwaka uliofuata zikiwa zinanyesha, Félicien na Clothilde walikuwa barazani. Clothilde alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, Élise anatambaa kati ya majani. Bila kuinua kichwa, Clothilde alisema:

"Siku ile, kama ningekuwa mimi, ungeandika ile ile?"

Félicien angeweza kusema neno tamu. Alilitafuta, akaliacha.

"Ningeandika ile ile. Halafu ningekuja na wewe."

Clothilde akachuma jani, akalitupa bakulini, akachuma jingine.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana niliogopa kukuambia. Na ndiyo maana nilikimbia kukuambia."

Akamnyang'anya Élise kijiti alichokuwa anakitia mdomoni, akampa mumewe fungu la majani amsaidie. Wakachambua wote wawili mpaka mvua ilipokatika, na wagonjwa wa mchana wakaanza kuonekana njiani.